Kunywa Chai, Utazoea

Watoto wengi wa kike wa pwani hulisikia neno chango kabla hawajajua hedhi ni nini. Hulisikia kwa mama, kwa jirani, kwa muuza dawa aliyetandika mizizi yake pembeni ya soko. Chango ni maumivu ya tumbo la chini. Chango ni mgongo unaouma, ni mimba iliyoharibika, ni mtoto asiyepatikana, na siku nyingine ni hasira tu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Daktari hulikataa neno hili kwa sababu halimwonyeshi kiungo cha kupima. Mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Ni neno linalokubali kwamba kuna kitu kinauma ndani ya mwanamke bila kudai ushahidi kwanza. Mwenye chango hahojiwi kama mshitakiwa. Anaambiwa akae, halafu anapikiwa kitu.

Kitu chenyewe mara nyingi ni chai. Tangawizi inapondwa na maganda yake, kijiti cha mdalasini kinavunjwa, karafuu mbili tatu, na mchaichai kama unaota nyuma ya nyumba. Wapo wanaotia uwatu, wapo wanaoapa kwa habasoda. Sukari ni ugomvi wa kila nyumba. Unainywa ya moto, unajilaza ubavu, unajifunga khanga tumboni. Nimeinywa tangu nina miaka 13 na hata sasa ninapoandika kikombe kiko mezani, kwa hiyo mtu asidhani nimekuja kuipiga vita.

Je, inasaidia? Kwa kiasi chake, ndiyo. Maumivu ya kawaida ya hedhi yana sababu inayojulikana. Utando wa ndani ya kizazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo hukifanya kizazi kijikaze, na kikijikaza sana kinabana mishipa yake yenyewe ya damu. Msuli uliokosa damu huuma, kama paja la mchezaji aliyebanwa misuli dakika ya themanini. Mwaka 1957 Mwingereza V. R. Pickles alionyesha kwamba damu ya hedhi ina kitu kinachokaza msuli. Mwaka 1971 mwenzake John Vane akaeleza kwamba aspirini na jamaa zake hutuliza kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, kazi iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kabla ya hapo, na kwa muda hata baada ya hapo, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwaambia wanawake kwamba shida iko kichwani, kwamba wanaukataa uanamke wao. Bibi yangu wa Pangani, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, hakuwahi kumwambia mtu neno kama hilo.

Na tangawizi? Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wanafunzi 150 waliogawanywa makundi matatu: wengine walipewa unga wa tangawizi, wengine asidi ya mefenamiki, wengine ibuprofeni. Tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu za mwanzo, haikuachwa nyuma na vidonge. Ni jaribio dogo, na ule ulikuwa unga uliopimwa ndani ya kapsuli. Kikombe cha wifi yangu ni kitu kingine, leo kinawasha koo, kesho ni maji ya uvuguvugu yenye harufu. Lakini joto lenyewe nalo ni dawa. Jaribio la Marekani la mwaka 2001 lilikuta kwamba kitu cha joto kilichobandikwa tumboni kilituliza karibu sawa na ibuprofeni. Kwa hiyo ile khanga na ule moto wa kikombe si ushirikina.

Nina angalizo moja, halafu niendelee. Wengi wetu hatupiki tangawizi na maji matupu, tunatia majani ya chai. Majani yana tanini, na tanini huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mtu anayetoka damu nyingi akashushia maharage yake kwa chai ya rangi anajitibu kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine. Weka majani kando, au chai ipishane na chakula kwa saa moja au mbili.

Hayo ni mambo ya jikoni. Lililonifanya niandike ni swali la binti wa kaka yangu. Yuko kidato cha pili, bweni, ana miaka 15. Likizo iliyopita alikuwa amejikunja kwenye mkeka sebuleni kwao, mama yake kamwekea chupa ya chai pembeni na kaenda zake dukani, naye akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika: "Shangazi, hii chai inasaidia kweli, au tunapewa tu?"

Tunapewa tu. Mtoto wa miaka 15 ametia moyo wote wa jambo katika silabi moja ya mwisho. Kupewa tu ni nini? Ni kile unachomfanyia mtoto anayelia kwenye daladala: unampa pipi ili anyamaze, si kwa sababu ana njaa. Pipi ni tamu, na mtoto anafurahi kweli, lakini uliyemhudumia ni abiria wenzako. Kuna chai inayotolewa ili aliyelala apate nafuu, na kuna chai inayotolewa ili tuliosimama tupate nafuu. Zimepikwa sufuria moja. Ukizionja huwezi kuzitofautisha.

Sasa, wanafalsafa wamelizunguka jambo hili kwa njia mbalimbali. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu mwili na maumivu, anaonyesha umbali wa ajabu uliopo kati ya watu wawili chumba kimoja: anayeumwa hana kitu cha uhakika kuliko maumivu yake, na anayemsikiliza hana kitu rahisi kukitilia shaka kuliko hicho. Miranda Fricker, mwaka 2007, aliandika kuhusu dhuluma anayofanyiwa mtu pale neno lake linapopunguzwa uzito kwa sababu tu ya aina ya mtu alivyo, mwanamke, maskini, mweusi. Nilipomsoma Fricker mara ya kwanza chuoni niliona amemaliza kila kitu. Nikimwangalia binti huyu kwenye mkeka naona kuna kitu kimebaki nje.

Kwa maana yeye haambiwi mwongo. Hakuna mtu nyumbani kwao anayesema anajisingizia. Wote wanakubali kwamba tumbo linamuuma, na ndiyo maana chai ikapikwa. Anaaminiwa kuwa anaumwa. Haaminiwi kuwa anaumwa kiasi hicho. Akisema alizimia bafuni shuleni, anajibiwa, "Sisi sote tumepitia." Akisema ameshindwa kufanya mtihani wa hesabu, anaambiwa avumilie, atazoea. Maumivu yake yanapokelewa yakiwa jumla, halafu yanapimwa kwa kibaba cha nyumba nzima, na kinachozidi kibaba kinamwagwa. Dhuluma hii ni ngumu kuiona kwa sababu inavaa nguo za mapenzi. Inasema mwanangu, pole, kunywa kabla haijapoa.

Na wanaoipima kwa kibaba hicho mara nyingi si wanaume. Baba na kaka hutoka tu chumbani, wanakuwa na shughuli nje. Walio wakali zaidi ni wanawake walioteseka wenyewe. Jambo hili lilinishangaza kwa muda mrefu, sasa halinishangazi. Nikikubali kwamba maumivu ya binti yangu si ya kawaida, inabidi nijiulize kama ya kwangu yalikuwa ya kawaida. Na kama hayakuwa, basi miaka ile yote nilistahili msaada na hakuna aliyenipa. Hilo ni zito mno kulikubali ukiwa na miaka arobaini na tano na vyombo vinakungoja karoni. Ni nafuu kusema kila mwanamke ndivyo alivyo.

Lakini si kila mwanamke ndivyo alivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosi, yaani hali ambapo utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi unaota nje yake, inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu kama milioni 190. Huwa inachukua miaka hadi igundulike. Dalili zake ni zilezile tunazoambiwa tuzizoee, ila zimezidi: maumivu yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, maumivu ya kwenda haja, maumivu ya tendo la ndoa ambayo bibi harusi huambiwa ni ya ugeni. Kuna na uvimbe wa fibroidi, ambao wanawake weusi huupata zaidi ya wengine. Neno chango limewabeba wote hawa kwenye kikapu kimoja, pamoja na wale ambao tangawizi inawatosha kabisa. Upole uleule wa neno nilioupenda mwanzoni ndio unaowaficha wale ambao chai haitawafikisha popote.

Na ipo ile dawa ya maneno: ukizaa yataisha. Nimeisikia kwa shangazi zangu, nimeisikia kwa mhudumu wa zahanati moja akiwa amevaa koti jeupe. Wapo ambao kweli maumivu hupungua baada ya uzazi. Kuzaa hakuponyi endometriosi. Na hata kungekuwa kunaponya, hebu tulitazame tunalosema: tunamwambia msichana wa sekondari kwamba tiba ya tumbo lake ni mtoto. Halafu mwaka unaofuata tunafanya semina ya mimba za utotoni.

Mpaka hapa naweza kuonekana nawasifu madaktari na kuwasuta mabibi. Hapana. Katika kazi yangu ya habari nimekaa kwenye mabenchi ya zahanati nyingi, mara nyingine kwa ajili ya stori na mara nyingine kwa ajili ya tumbo langu. Kwenye moja, nitakayoiacha bila jina, mtu wa dirisha la dawa alinisikiliza sekunde kama kumi, akaweka vidonge vya kutuliza maumivu kwenye bahasha ya khaki, akaita, "Anayefuata." Hakunitazama usoni. Kidonge kile kilifanya kazi, saa moja baadaye nilikuwa natembea. Lakini nacho nilikuwa nimepewa tu.

Bibi, kwa upande wake, alikuwa akichelewesha chai kwa makusudi. Wakati tangawizi inachemka anauliza. Imeanza lini? Ilianza kuuma kabla ya damu au pamoja nayo? Damu ina mabonge? Umebadilisha mara ngapi tangu asubuhi? Ukikojoa inauma? Mwezi uliopita nao ilikuwa hivi, au imezidi? Daktari wa kweli huuliza maswali haya haya, hulipia miaka mingi ya chuo ili ajifunze kuyauliza. Bibi aliyajua kwa sababu alikuwa somo. Katika mila zetu za pwani msichana akivunja ungo alikuwa na mwanamke wake, mtu mzima asiye mama yake, ambaye kazi yake ni kumjua mwili. Dunia ilimjua Bi Kidude kwa taarabu. Wengi hawajui kwamba mwanamke yule, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa vilevile mpiga ngoma na mfundaji wa unyago. Chai ilikuwa sehemu ndogo ya uhusiano ule. Sitaki kuupamba: unyago huohuo ulifundisha kunyamaza, kumpendeza mume, na mara nyingine kuolewa kabla ya wakati. Somo angeweza kujua kila kitu kuhusu damu yako na bado akakuambia usimwambie mtu.

Tulichofanya kizazi chetu ni kuacha somo na kubaki na kichocheo cha chai. Na pale somo alipotoka, ameingia muuzaji. Fungua simu yako sasa hivi utafute dawa ya chango, utaona makopo yenye picha ya ua na maandishi ya dhahabu: inasafisha kizazi, inabalansi homoni, inatoa chango sugu, mteja alipie na nauli ya boda. Kizazi hakichafuki, jamani. Kinajimwaga chenyewe kila mwezi, ndiyo hiyo damu tunayoizungumzia. Muuzaji hakuulizi mabonge wala siku. Anakuuliza uko mkoa gani.

Kwa hiyo swali la asili dhidi ya hospitali, ambalo tunalipenda sana kwenye vipindi vya redio, kwangu ni swali la pembeni. Chai si jibu baya. Ubaya wake ni pale inapokuwa mwisho wa mazungumzo.

Nilimjibu binti. Nilimwambia ndiyo, inasaidia, na nikamweleza kwa nini, na nikamwambia kwamba wapo wasichana ambao haiwatoshi na huenda yeye ni mmoja wao. Nikampa daftari dogo aandike: tarehe, siku ya kuanza kuuma, idadi ya pedi, alikosa nini. Wifi yangu hakufurahi. Alinikuta jikoni usiku akaniambia kwa heshima, maana ni mtu wa heshima, "Wifi, unamtia mtoto hofu. Alikuwa anajua ni hedhi tu, sasa atajiona mgonjwa." Si hoja ya kupuuza. Mtoto aliye bweni, kilomita mia mbili kutoka nyumbani, na matroni anayetaka karatasi kabla ya kutoa kidonge, amebaki na chai na imani yake kwenye chai. Nani kanipa haki ya kuitikisa? Imani yenyewe hupunguza maumivu, hilo linajulikana. Ukweli wangu ungeweza kumwongezea.

Nilimwambia wifi kwamba imani ninayotaka mtoto asiipoteze ni ile ya kwamba akisema imezidi, kuna mtu atauliza imezidi vipi. Nikamuuliza, "Wewe uliwahi kuulizwa?" Akaendelea kupanga vikombe. Baada ya muda akasema yeye alikuwa akilala sakafuni, kwa sababu sementi ni baridi na kitandani alikuwa anajiona anaungua. Tangu darasa la saba mpaka alipojifungua mtoto wa pili. Tumekuwa mawifi miaka kumi na sita, ndiyo kwanza nilisikia. Asubuhi alimpigia kaka yangu simu amtafutie mtoto nafasi kwa daktari wa wanawake likizo ya mwezi wa sita. Chai ameendelea kuipika. Daftari lina kurasa nne sasa.

Inabaki shule, na hapo jambo linatoka jikoni na kuwa la umma. Serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Tulibishana sana kuhusu pedi, na ilikuwa haki. Kuhusu maumivu hatukubishana, kana kwamba damu ni ya taifa lakini uchungu wake ni wa mtu binafsi. Majirani zetu wa Zambia wana sheria wanayoiita ya Siku ya Mama: kila mfanyakazi mwanamke, awe na mtoto asiwe naye, anaweza kukosa kazini siku moja kwa mwezi, bila cheti cha daktari na bila kueleza sababu. Imo kwenye sheria yao ya ajira ya mwaka 2019. Inalalamikiwa, na malalamiko unayajua hata kabla hujaambiwa: wanawake watadanganya, watachukua Ijumaa ili waunganishe na wikiendi.

Nilizungumza na mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke, mkali, mtu ninayemheshimu. Nilimuuliza kwa nini msichana anayeumwa hedhi lazima alete karatasi ya zahanati ili aruhusiwe kulala. Akasema wakiruhusiwa kwa neno tu, watadanganya. Nikamuuliza, darasani kwako wako wasichana arobaini, watadanganya wangapi? Alifikiri kwa uaminifu. "Watano," akasema. "Sita kipindi cha mitihani." Nikamuuliza, na wanaoumwa kweli bila karatasi, kwa sababu zahanati iko mbali na wanaona aibu kuieleza kwa mwanaume wa dirishani? Hakuwa na idadi. Alisema wale hawasumbui, huwa wanakaa nyuma ya darasa, kichwa juu ya dawati.

Mimi ningewaacha hao watano au sita wakadanganye.